Wanafunzi wa Ng'ambo

Nyumbani kwangu hatusemi ng'ambo, tunasema Alunguli. Mji mzima wa Kindu unasema ng'ambo. Mto umeukata mji vipande viwili, sisi tuko upande huu wa Mikelenge na Kasuku, na upande ule wa pili, hata mtoto anayenyonya anajua, njo ng'ambo, ndiyo ng'ambo yenyewe. Mtu ana shamba ng'ambo, ana shemeji ng'ambo, anaenda ng'ambo kutafuta mawese. Lakini ndani ya nyumba yetu neno hilo lilikatazwa tangu vita, na binti yangu alijifunza katazo hilo kabla hajajifunza kuhesabu. Mgeni akilitamka, tunamtazama kama ametema mate kwenye sahani.

Sasa ona neno waliloniamuru niliandike kwa herufi kubwa kwenye tovuti ya chuo.

Nilikuwa nafundisha informatiki katika chuo kimoja kidogo cha Mikelenge. Jina silitaji, wenyewe wanajijua. Katika chuo hicho sekisio, yaani idara, ya informatiki ilikuwa ndogo kuliko zote: chumba kimoja, kompyuta zilizozeeka kabla ya kufika, mimi, na vijana wachache ambao wazazi wao walikuwa bado na moyo. Mmoja wao alikuwa binti yangu, mwaka wa pili. Baba yake alikwenda kwenye mashimo ya Punia, akaoa huko, na tangu siku ile habari zake nazisikia kwa watu. Kumpeleka mtoto kusoma mji mwingine sikuwa na uwezo. Ama amalizie hapa, mbele ya macho yangu, ama arudi kukaa jikoni na akili yake yote ile. Mtoto ana akili, jamani. Si kwa sababu nilimzaa mimi.

Siku moja Bwana Rekta alituita ofisini akatuambia bila kuzunguka. Vijana wa hapa hawaji tena. Wa Pangi na Kabambare wanaingia kwenye mashimo kuchimba, wa mjini wanashinda juu ya pikipiki. Wenye chuo wamesema: mwaka huu, sekisio isiyopata wanafunzi kutoka majimbo mengine itafungwa. Kisha akanitazama mimi, kwa maana sekisio iliyokuwa mahututi ilikuwa yangu.

"Nitawatengenezea siti," nikasema. Redioni wanaita tovuti. Sisi tunasema siti, kwa Kifaransa cha kubanduabandua. "Watu wa Goma, wa Kalemie, wa Lubumbashi watatuona."

Bwana Rekta akafurahi, akasema mgeni njoo, mwenyeji apone. Nilitoka pale nikijiona nimeokoa nyumba.

Kazi yenyewe sikuiogopa. Niliifanya kwa umeme wa jua, siku za mawingu nikalala, siku za jua nikakimbia. Nikapanga kurasa: masomo, walimu, namna ya kufika. Hapo kwenye namna ya kufika nilikaa sana. Nikaandika treni, nikafuta, maana treni yetu ikija watu wanatoka nje kuitazama. Nikaandika barabara, nikacheka peke yangu. Mwishowe nikaandika kwamba Kindu inafikika kwa njia mbalimbali, na huo si uongo, ni kwamba njia zote ni mbaya.

Balaa lilianza kwenye kichwa cha ukurasa wa kwanza. Tulikuwa watatu mezani: Bwana Rekta, mimi, na Mwalimu wa Kiswahili. Huyu ni mzee aliyesomea pwani zamani, na tangu arudi hajawahi kumwacha mtu amalize sentensi bila kumsahihisha. Niliandika: Karibuni wanafunzi wa inje.

Mwalimu akashika kichwa. "Wa inje? Mama, mutoto wa inje unajua njo nani?"

Bwana Rekta alicheka mpaka miwani ikamtoka. Ni kweli, mtoto wa inje kwetu ni yule aliyezaliwa pembeni ya ndoa. Nikafuta. Nikaandika wageni.

"Mugeni halipi masomo," akasema Bwana Rekta. "Mugeni anakula, analala, anaenda zake."

"Siku ya tatu utamupa jembe," nikamjibu. Hakucheka mtu.

Nikajaribu: wale wote wenye kuya, yaani wenye kuja. Mimi mwenyewe nikaona aibu, vidole vikafuta haraka. Wakati wa vita, mutu wa kuya lilikuwa tusi, tena tusi lenye meno. Kuitwa hivyo mbele ya barieri, kizuizi cha wanajeshi barabarani, kulitosha kukutoa kwenye mstari, na waliotolewa kwenye mstari hatukuwaona tena. Nikasema basi tuandike wanafunzi wa majimbo mengine, tumalize. Bwana Rekta akasema hapana, hiyo inanuka ofisi, anataka neno tamu.

Ndipo Mwalimu alipoinua kidole. "Ng'ambo! Wanafunzi wa ng'ambo. Kiswahili safi. Kule pwani, mutu wa ng'ambo njo mutu wa mbali, amevuka bahari."

"Mwalimu," nikasema, "ng'ambo njo Alunguli."

"Hiyo njo ya hapa! Siti haitasomwa hapa. Itasomwa Lubumbashi. Kule nani anajua Alunguli?"

"Mimi najua."

"Wee Mama unapenda kubisha tu," akasema Bwana Rekta, akagonga meza. Neno likapita. Nilibisha tena, nikabisha kwa Kiswahili na kwa Kifaransa, mpaka akaniuliza kama nataka sekisio ifungwe au nataka isifungwe. Nikaandika. Siku ile ningeandika hata jina la shetani, mradi binti yangu amalize.

Nieleze kwa nini lilinichoma.

Vita ilinikuta msichana wa sekondari. Mji ulikuwa umefungwa: wanajeshi ndani, wapiganaji wa msitu wamezunguka, sisi katikati na njaa yetu. Mashamba yote yalikuwa nje ya mji. Ukienda shambani, wanajeshi walikuita mpelelezi wa msitu, na msitu ulikuita mpelelezi wa wanajeshi. Tulikula majani ya mipapai. Tulikula mbegu ambazo mtu mwenye akili hazigusi. Mama alikuwa na shamba la mihogo nyuma ya Alunguli, na kila siku alilitaja kama mtu anavyomtaja mtoto aliye safarini.

Asubuhi moja wakasema mitumbwi imeruhusiwa. Mama akafunga kitenge, akachukua kitunga chake, akasema, "Naenda ng'ambo kuchuma sombe. Magaribi haitanikuta kule." Nikataka kumfuata kuchuma hayo majani ya mihogo, akanikatalia, nikanuna. Hata kumuaga sikumuaga vizuri.

Jua likiwa kichwani, bunduki zikalia ng'ambo. Wanajeshi wakaivuta mitumbwi yote upande wetu wakaifunga kamba. Tulisimama kando ya mto, watu wengi, kila mmoja anaita jina la mtu wake, na mto wetu si kijito, sauti zilifia majini. Magaribi ikaadhiniwa. Baba akaswali palepale kwenye mchanga. Kesho yake hakuna kuvuka, kesho kutwa hakuna, na ikawa hivyo mpaka tukazoea kutouliza.

Walipoufungua mto muda ulikuwa umepita sana. Nilivuka na Baba. Shamba lilikuwepo, mihogo imezeeka, imekuwa miti ya kuni. Kitunga hatukukiona, kitenge hatukukiona, na kaburi ndiyo kabisa. Tukauliza nyumba kwa nyumba. Wengine walisema walimwona anakimbia, wengine wakasema yule alikuwa mwingine. Tuliporudi Baba akakaa barazani, akatuambia: humu ndani msiite tena kule ng'ambo. Ng'ambo ni mahali ambapo mtu harudi. Kule ni Alunguli, kuna nyumba na watu na kuku, mtu anaenda na anarudi. Baba alikufa akisema Alunguli, akisubiri.

Basi ndilo neno lililokaa juu ya ukurasa wangu, jekundu, likimetameta. Mwalimu alitaka limetemete.

Ilibaki picha. Siti bila picha ni kama harusi bila ngoma, na tulikuwa tunatafuta uso wa mwanafunzi aliyetoka mbali. Hatukuwa na hata mmoja, na hiyo njo ilikuwa shida yetu yote. Nikamvalisha binti yangu blauzi yake ya Idi, nikamketisha mbele ya kompyuta, nikamwambia cheka. Umeme haukuwepo siku ile. Kioo cha kompyuta kilikuwa cheusi, baadaye nikakitia mwanga kwa ujanja wa kazi yetu, ungesema kweli inawaka. Ila waya wa umeme ulining'inia chini ya meza, haujachomekwa popote, na niliuona nilipokwisha kuiweka. Nikasema nani atatazama chini ya meza.

Chini ya picha Mwalimu akaniamuru niandike: Mwanafunzi wa ng'ambo akifurahia masomo.

Binti yangu alicheka akashika mbavu. "Mimi wa ng'ambo, Mama? Mimi ninalala chumba cha pili, na unanigombeza kila siku kwamba ninakoroma!"

"Usilitaje," nikamwambia.

"Lisemwalo lipo," akasema Mwalimu akitabasamu, "na kama halipo, linakuya."

"Mwalimu, koma!" nikasema. Nilisema kwa nguvu, wakageuka watu waliokuwa nje. Mzee wa watu alishangaa, hakujua amegusa wapi.

Siti ikafunguliwa. Bwana Rekta akatoa hotuba, tukanywa soda moto. Lakini nani Kindu ana megas, data za simu, za kufungua siti? Kwa hiyo akaipeleka kwenye redio isomwe pia, ili mji ujue tumeendelea. Mtangazaji akasoma kwa sauti yake nzito: chuo kinawakaribisha wanafunzi wa ng'ambo, kila mwanafunzi wa ng'ambo atapewa kitanda chuoni, wa ng'ambo wasichelewe.

Hawakuchelewa. Jumatatu mitumbwi ilishuka imejaa. Walikuja vijana wa Alunguli na vyeti vyao ndani ya plastiki, wamevaa za kanisani na za msikitini, na wazazi nyuma yao. Baba mmoja alileta kuku. Mama mmoja alikuwa na godoro kichwani, limekunjwa na kufungwa kamba, amepanda nalo kutoka mtoni mpaka chuoni, jasho linamtiririka.

"Tumesikia redio," akamwambia Bwana Rekta. "Wa ng'ambo watapewa kitanda. Sisi njo wa ng'ambo. Tumekuya, na godoro iko."

Nilicheka. Mungu anisamehe, nilicheka mpaka nikaegemea ukuta, kisha nikaona yule mama hacheki, na binti yake nyuma amejipaka mafuta mpaka magotini, nikaacha.

"Mama, tulimaanisha ng'ambo ya mbali," akasema Bwana Rekta.

"Bwana Rekta, mto ukijaa, kwetu ni mbali."

Nikamvuta Bwana Rekta pembeni. Nikamwambia wachukue hawa, ni wanafunzi, wana vyeti, miongoni mwao wapo watakaoingia informatiki, umetafuta watu na Mungu amekuletea watu. Akasema wenye chuo wanataka jimbo lingine, hawataki mto. Nikamwambia, "Wa mbali hawaji, wa karibu unawafukuza, utafundisha viti?" Akaniambia nisimpande kichwani mbele ya watu. Kisha akatoka akawaambia warudi. Waliteremka kwa mstari hadi mtoni. Lile godoro niliweza kuliona kwa muda mrefu, hata watu wenyewe walipokuwa wamepotea.

Nikataka kulifuta lile neno siku ileile. Bwana Rekta, kwa hasira, alikuwa amekwisha kubadilisha neno la siri la siti ili mimi nisiguse kitu tena bila ruhusa yake. Akalibadilisha, halafu akalisahau. Naapa. Mtu na shahada zake akajaribu jina la mke wake, jina la mji aliozaliwa, majina ya watoto, akakasirika, akaniuliza mimi kama ninalijua. Ukurasa ukabaki vile ulivyo, na neno, na picha.

Kutoka majimbo mengine tulipata ujumbe mmoja, uliingia kwenye barua pepe yangu. Kijana wa Kalemie aliandika: Habari zenu. Je, kwenu vita iliisha? Na treni inafika? Niliandika jibu la kwanza, nikalifuta, nikaandika lingine. Mwishowe nilimwambia vita iliisha, treni ikija tunaisikia, na sisi tunamsubiri. Hakujibu. Simlaumu. Na mimi nisingejibu.

Sekisio ikafungwa. Walitia kufuli kwenye mlango, kompyuta zikiwa ndani. Vijana wengine wakaenda kwenye pikipiki, wawili wakaenda mashimoni. Binti yangu alikaa jikoni anamenya mihogo bila kusema, na mtoto yule kwa kawaida haishiwi maneno. Mimi nilimgombeza kwa kila kitu, kwa chumvi, kwa maji, kwa kuni.

Kisha akaniletea simu. Chuo cha mji mmoja wa mbali, upande wa kaskazini, jimbo lingine. Siti nzuri, kushinda yangu. Karibuni wanafunzi wa majimbo yote. Na picha: msichana ameketi mbele ya kompyuta, anacheka. Binti yangu alikuwa ameandika kwao, wamemkubali, na shangazi wa baba yake anayeishi huko amesema atampa pa kulala.

Nikaikuza ile picha. Macho yakaenda moja kwa moja chini ya meza.

"Ona waya," nikamwambia. "Inaning'inia. Haikuchomekwa. Hawa ni sawa na sisi."

Akatazama. Aliona, maana nimemfundisha mwenyewe. "Mama," akasema, "huko waya inaning'inia. Hapa mlango una kufuli."

Ningemkataza. Nilikuwa na maneno yote mdomoni, na watu wanajua mdomo wangu. Nikauza cherehani ya marehemu mama, kitu chake cha mwisho nilichokuwa nacho, nikampa pesa za safari.

Njia ya kaskazini, ya Punia na Obokote, inaanzia upande wa pili. Lazima kwanza kuvuka. Aliniomba nisiende mtoni, nikaenda. Sikuwa nimesimama pale tangu usichana wangu, nikitaka kuvuka huwa napita mahali pengine. Asubuhi ilikuwa nyeupe, mtu wa mtumbwi anapiga kelele watu wakae vizuri. Binti yangu akapanda na begi lake, blauzi ileile ya Idi. Safari hii nilimuaga. Nilimuaga mpaka mtu wa mtumbwi akasema, "Mama, basi, anaenda shule, haendi vitani."

Nilisimama nikamwangalia anavyopungua. Simu ikalia. "Mama, nimefika Alunguli," akasema. Alitamka polepole, Alunguli, ili nisikie. Nikamwambia vizuri, Alunguli ni karibu. Kisha pikipiki yake ikaunguruma na simu ikakatika.

Huko aliko mtandao ni wa kubahatisha. Mwanzoni alipiga mara kwa mara. Nikamuuliza kompyuta zinawaka, akasema zitawaka wakinunua mafuta ya mashine. Nikamuuliza wenzake wanamwita nani. Akasema, "Wanatuita watu wa kuya, Mama. Lakini ni kwa kucheka." Sikucheka. Sasa wiki zinapita hajapiga. Najiambia ni mtandao, na huenda kweli ni mtandao.

Nikipata megas kidogo nafungua ile siti ya chuo. Bado ipo, hakuna anayeweza kuifunga. Binti yangu amekaa pale, anacheka mbele ya kioo nilichokitia mwanga mimi, na chini yake maandishi yaleyale. Kila kitu kwenye ukurasa ule kilikuwa uongo, sasa hayo maandishi yamekuwa kweli.

Juzi jirani mpya, aliyehamia kutoka Kibombo, alipita kuomba moto. Akatazama chumba cha pili, kitanda kimetandikwa, akaniuliza binti yangu yuko wapi siku hizi.

"Yuko ng'ambo," nikasema.

Akaitika tu, akachukua moto wake akaenda. Humo ndani hakukuwa na mtu wa kunikemea.